Lebo Imesema "Endelevu". Imepima Nini?

Kuna miaka ambayo jinzi isiyopauka mapajani haikuuzika. Mteja alitaka suruali mpya yenye sura ya kuchakaa, kana kwamba imevaliwa miaka kumi na mtu wa kazi ngumu. Ili sura hiyo ipatikane kwa bei ndogo, karakana nyingi za Istanbul zilitumia mchanga: kijana anashika bomba la kompresa, anapuliza mchanga kwenye kitambaa, buluu inang'oka na chumba kizima kinajaa vumbi. Vumbi hilo lina silika. Likishaingia mapafuni linatia makovu, na maradhi yake, silikosisi, hayana tiba. Wachimba migodi huugua baada ya miaka mingi chini ya ardhi. Madaktari wa Uturuki walikuta vijana wa karakana za jinzi wameugua baada ya miaka michache tu ya kazi, na baadhi yao wakafa. Mwaka 2009 serikali ikapiga marufuku kupuliza mchanga kwenye nguo, na sehemu ya kazi hiyo ikahamia nchi nyingine.

Pamba ya suruali zile ingeweza kuwa ya kilimo hai. Maji ya kuzifulia yangeweza kusafishwa kabla ya kumwagwa. Lebo ikaandikwa "endelevu", na pasiwe na neno la uongo ndani yake. Vifo vilitokana na mchoro: mbunifu aliamua paja lipauke, mnunuzi wa kampuni akaamua lipauke bila kuongeza bei, na hakuna mmoja wao aliyehitaji kuuona mchanga.

Ndiyo maana swali "je, hii ni endelevu?" naliona halijibiki likiulizwa hivyo hivyo. Limebeba mambo kadhaa kwa mpigo: malighafi imetoka wapi, kitu kitadumu muda gani, nani amekishika kabla yako na kwa masharti gani, nani aliulizwa na nani hakuulizwa. Majibu yake hayaendi njia moja. Kitambaa chenye alama nzuri ya kaboni kinaweza kushonwa na watu wanaolipwa ujira wa njaa. Nguo iliyoshonwa kwa haki inaweza kuvaliwa mara mbili ikatupwa. Na ukifuatilia chanzo cha kila jibu, mara nyingi unaishia kwenye uamuzi uliofanywa mapema sana, kwenye mchoro au kwenye mkataba wa ununuzi, kabla hata jora la kwanza halijakatwa.

Vipimo vyenyewe ndivyo vinavyowapoteza wengi. Mwaka 2018 wakala wa mazingira wa Denmark ulichapisha tathmini ya mifuko ya kubebea bidhaa, ikilinganisha kila aina na mfuko mwepesi wa plastiki. Kwa gesi joto peke yake, mfuko wa pamba ya kawaida unatakiwa utumike angalau mara 52 ndipo ulingane na ule wa plastiki. Kwa vigezo vyote vya mazingira vilivyopimwa, unatakiwa utumike mara 7,100. Mfuko wa pamba ya kilimo hai ndio ulioshangaza zaidi: mara 149 kwa gesi joto, mara 20,000 kwa vigezo vyote.

Namba ya 20,000 ilizunguka dunia nzima, na kila aliyechoka kusikia habari za mazingira aliifurahia. Wachache walisoma imetoka wapi. Ilitokana na kigezo kimoja, athari kwa tabaka la ozoni, ambacho pamba ilishindwa vibaya. Pamba ya kilimo hai ilipata alama mbaya kuliko ya kawaida kwa kuwa shamba lake lilihesabiwa kutoa mavuno kidogo, na pia kwa kuwa mfuko uliopimwa ulikuwa mdogo, hivyo ikahesabiwa mifuko miwili kufanya kazi ya mmoja. Plastiki inayozagaa mitaani na baharini haikuingizwa kwenye hesabu. Watafiti hawakudanganya hata kidogo. Waliyaandika hayo yote kwenye ripoti. Lakini kila kipimo kina mpaka wake, na anayechora mpaka ndiye anayeamua nani ataonekana msafi.

Sekta ya mavazi iliupata ukweli huo mwaka 2022. Muungano wa kampuni za nguo ulikuwa na mfumo wake wa kupima vitambaa, Higg, ambao chapa kadhaa zilianza kuutumia kuwaambia wateja kwamba nguo fulani ina athari ndogo kuliko nyingine. Takwimu za malighafi za mfumo huo ziliishia pale kitambaa kinapokuwa tayari. Kufuliwa, kuchomoka kwa nyuzi ndogo za plastiki na kuingia kwenye maji, siku nguo itakapotupwa: yote hayo yalikuwa nje ya mpaka. Matokeo yake poliesta ilipendeza, sufu na hariri zikaonekana chafu. Mamlaka ya kulinda walaji ya Norway ilisema kutumia takwimu za aina hiyo kwenye matangazo kunampotosha mteja, na programu ya kuwaonyesha wateja alama hizo ikasimamishwa.

Poliesta yenyewe inastahili kuangaliwa kwa karibu, maana ndiyo inayoivalisha dunia. Mwaka 2023 dunia ilizalisha takriban tani milioni 124 za nyuzi, na asilimia 57 zilikuwa poliesta, yaani mafuta ya petroli yaliyosokotwa kuwa uzi. Asilimia 12 na ushei ya poliesta hiyo ilikuwa imerejelezwa, na lebo nyingi za kijani zinaegemea hapo. Ila karibu yote, asilimia 98, ilitokana na chupa za plastiki. Nguo kuukuu hazikuchangia kitu cha maana. Chupa iliyobaki kwenye mzunguko wa chupa inaweza kurudi kuwa chupa tena. Ikishageuzwa fulana, safari kwa kawaida imeishia hapo, kwa sababu viwanda vya kuigeuza fulana kuwa fulana nyingine ni vichache mno. Sehemu ya nyuzi zote duniani iliyotokana na nguo na mabaki ya vitambaa haikufika hata asilimia 1.

Kwa nini iwe ngumu kiasi hicho? Fulana ya pamba ikichanwa na mashine ili irudi kuwa nyuzi, nyuzi zinakatika. Uzi unaosokotwa kwa nyuzi fupi ni dhaifu, hivyo unachanganywa na pamba mpya ili ushike. Hiyo ni fulana ya pamba tupu, na pamba tupu ni bahati. Jinzi ya kubana ina elastani kidogo ili ivutike. Kiasi hicho kidogo kinanasa kwenye mashine na kuvuruga michakato ya kemikali. Shati la pamba limeshonwa kwa uzi wa poliesta. Kuna zipu, vifungo, nembo iliyochapwa kwa plastiki kifuani, bitana ya kitambaa kingine kabisa. Mrejelezaji anapokea maamuzi ambayo mbunifu aliyafanya miaka mitano iliyopita bila kumfikiria.

Tena teknolojia ikiwepo, bado inahitaji mtu wa kuinunua. Kampuni ya Renewcell ya Uswidi ilifungua kiwanda mjini Sundsvall mwaka 2022 cha kuyeyusha mabaki ya pamba na kuyafanya malighafi ya viskosi, uzi ambao kwa kawaida hutokana na miti. Mashine zilifanya kazi. Chapa kubwa ziliisifu hadharani. Februari 2024 kampuni ikatangaza kufilisika, kwa kuwa oda hazikufika kwa wingi wa kukiendesha kiwanda. Wamiliki wapya waliinunua baadaye na kuibadilisha jina, lakini funzo la biashara liko wazi: sifa hazilipi bili ya umeme, na bei ya nyuzi mpya ni ya chini mno kushindana nayo.

Upande wa watu wanaoshona una historia yake ya vyeti. Septemba 2012 kiwanda cha nguo cha Ali Enterprises mjini Karachi, Pakistan, kiliteketea. Madirisha yalikuwa na nondo, milango ya kutokea ilikuwa imefungwa, na watu zaidi ya 250 wakafa. Wiki chache kabla, kiwanda hicho kilikuwa kimepewa cheti cha kimataifa cha mazingira bora ya kazi, SA8000. Miezi saba baadaye, tarehe 24 Aprili 2013, jengo la Rana Plaza karibu na Dhaka, Bangladesh, liliporomoka. Waliokufa ni watu wasiopungua 1,134. Nyufa zilikuwa zimeonekana siku iliyotangulia. Benki iliyokuwa humo iliwaondoa wafanyakazi wake, na mafundi wa cherehani wakaambiwa warudi kazini kesho yake. Baadhi ya viwanda vilivyokuwa ndani ya jengo vilishawahi kukaguliwa. Uimara wa jengo haukuwa kwenye orodha ya mambo ambayo mkaguzi ametumwa kuyaangalia.

Ukaguzi wa namna hiyo una kasoro katika umbo lake. Mara nyingi mwenye kiwanda ndiye anayemlipa mkaguzi. Tarehe ya kufika inajulikana, au inakisiwa. Ripoti ni siri kati ya kiwanda na mnunuzi. Mfanyakazi anahojiwa akiwa ndani ya kiwanda, msimamizi akipitapita nje ya mlango. Sishangai kwamba vyeti vilipatikana. Ningeshangaa kama visingepatikana.

Kilichofuata baada ya Rana Plaza kilikuwa tofauti, na watu wa mitindo hawakisemi vya kutosha. Mei 2013 vyama vya wafanyakazi na chapa za nguo vilitia saini Mkataba wa Usalama wa Moto na Majengo wa Bangladesh, maarufu kama Accord. Uliwabana waliousaini kisheria: chapa isiyotimiza ahadi ingeweza kupelekwa kwenye usuluhishi, na mbili zilipelekwa kweli, zikaishia kulipa. Ripoti za wahandisi zilichapishwa zikiwa na jina la kiwanda, yeyote azisome. Chapa zilitakiwa kuhakikisha fedha za matengenezo zinapatikana, na kiwanda kilichogoma kurekebishwa kilipoteza wanunuzi wote kwa mara moja. Viwanda zaidi ya 1,600 vilipitia mikononi mwa wakaguzi hao. Mwaka 2021 mkataba ukawa wa kimataifa, na Pakistan ikaingizwa mwaka 2023, zaidi ya miaka kumi baada ya moto wa Karachi.

Usalama wa jengo, hata hivyo, ni jambo ambalo mhandisi anaweza kulimaliza. Ujira haumalizwi na mhandisi, kwa sababu umefungwa ndani ya bei ya oda. Utaratibu wa kawaida wa biashara hii ni kwamba kiwanda kinanunua kitambaa kwa mkopo, kinalipa mishahara, kinashona, kinasafirisha, kisha kinasubiri malipo siku 60 au 90. Hatari yote imebebwa na mwenye mtaji mdogo. Machi 2020, maduka yalipofungwa kwa sababu ya korona, chapa nyingi zilifuta oda, nyingine zikiwa zimeshashonwa na kupakiwa kwenye maboksi. Bangladesh peke yake ilihesabu oda zilizofutwa au kuahirishwa za thamani ya zaidi ya dola bilioni 3. Kampuni zilizofanya hivyo zilikuwa na kanuni nzuri za maadili kwa wasambazaji, zimechapishwa kwa picha za wanawake wenye tabasamu. Kanuni hizo zilieleza wajibu wa kiwanda kwa mfanyakazi. Wajibu wa mnunuzi kwa kiwanda haukuandikwa humo.

Mnunuzi anayebadilisha rangi ya kola wiki mbili kabla ya meli kuondoka, bila kusogeza tarehe, ameagiza kazi ya usiku. Huenda hajui. Lakini hakuna njia nyingine ya kumaliza oda hiyo.

Bidhaa zisizouzwa nitazipitia haraka, maana sheria imeanza kuzishughulikia. Burberry, chapa ya kifahari ya Uingereza, iliripoti mwaka 2018 kwamba imeteketeza bidhaa zenye thamani ya pauni milioni 28.6 kwa mwaka mmoja, ili zisiuzwe kwa bei ya kutupa na kuishusha hadhi ya jina. Kelele zilipozidi, ikaacha. Ufaransa ilipitisha sheria ya kukataza uharibifu huo mwaka 2020, na Umoja wa Ulaya umezipa kampuni kubwa za nguo na viatu hadi Julai 2026. Ni hatua nzuri, ila nguo isiyochomwa inakwenda mahali. Picha za vilima vya nguo katika jangwa la Atacama, Chile, zinaonyesha mahali pengine pa kuishia.

Sanaa iko kwenye mazungumzo haya kwa namna yake. Kazi moja haifiki popote karibu na mamilioni ya fulana, kwa hiyo msanii akitumia takataka badala ya rangi ya duka, mazingira hayabadiliki kwa kiasi cha kupimika. El Anatsui, mchongaji mzaliwa wa Ghana, ameunganisha vifuniko vya chupa za pombe kwa waya na kufanya mazulia makubwa ya metali yanayoning'inia, na ukiyasifu kwa "urejelezaji" peke yake umepunguza kazi yake. Vifuniko vile vinazungumzia biashara ya pombe kati ya Ulaya na Afrika, na historia ya utumwa iliyoambatana nayo. Uzito wake uko hapo.

Kwenye majumba ya sanaa, gharama kubwa kwa mazingira hutokana na ndege na viyoyozi. Kazi hupakiwa kwenye sanduku jipya la mbao, hupanda ndege na mtu wa kuisindikiza, huonyeshwa miezi michache, hurudi. Nyumbani kwake huhifadhiwa kwenye joto la nyuzi 20 hadi 22 na unyevu wa asilimia 50, usiku na mchana, ingawa vitu vingi havihitaji ulezi wa kiasi hicho. Kundi la Bizot, linalowakutanisha wakurugenzi wa makumbusho makubwa, lilipendekeza mipaka mipana zaidi: nyuzi 16 hadi 25, unyevu wa asilimia 40 hadi 60, kwa vitu vinavyostahimili. Ni mabadiliko ya kitufe ukutani, hayapigwi picha na hayana mzinduzi. Nayaheshimu kuliko maonyesho kumi kuhusu tabianchi.

Maonyesho nayo yana kitendawili chake. Msanii Olafur Eliasson na mwanajiolojia Minik Rosing walichukua mabonge ya barafu ya Greenland yaliyokuwa yakielea baharini, wakayaweka uwanjani Paris wakati wa mkutano wa tabianchi wa 2015, na London mwaka 2018, watu wayaguse yakiyeyuka. Kusafirisha barafu kwa majokofu ili kuonya kuhusu kuyeyuka kwa barafu kunakaribisha kejeli, nao walilijua hilo: waliagiza gesi joto za mradi zipimwe na wakazichapisha. Unaweza kusema haikustahili. Angalau una hesabu ya kubishana nayo.

Kisha kuna pesa. Majumba ya sanaa ya Tate ya Uingereza yalipokea ufadhili wa kampuni ya mafuta ya BP kwa miaka 26, hadi 2017, huku wanaharakati wakimwaga vimiminika vyeusi kwenye sakafu zao. British Museum ilitia saini na kampuni hiyohiyo mwishoni mwa 2023 mkataba mpya wa pauni milioni 50 kwa miaka kumi. Jina la familia ya Sackler, iliyotajirika kwa dawa za maumivu zilizochochea janga la uraibu Marekani, lilitolewa katika jumba la Louvre, Paris, mwaka 2019 na katika kumbi za jumba la Metropolitan, New York, mwaka 2021, baada ya mpiga picha Nan Goldin na wenzake kulala sakafuni humo kama maiti. Jumba linaweza kubadilisha taa zote na bado likamwachia mfadhili ukuta wa kusafishia jina.

Swali la nani aliulizwa linaonekana wazi zaidi kwenye ubunifu wa vitu "kwa ajili ya jamii". PlayPump ilikuwa bembea ya kuzunguka iliyounganishwa na pampu ya maji, iliyosambazwa kusini mwa Afrika: watoto wanacheza, tangi linajaa. Mwaka 2006 ilipata ahadi ya dola milioni 16.4 nchini Marekani. Shida ni kwamba kuinua maji ni kazi, na mtoto akichoka kucheza anaondoka. Bembea ikabaki na kina mama, wakiizungusha kwa mikono huku wameinama, mahali ambapo pampu ya mkono iliyoondolewa ilikuwa rahisi na nafuu kutengeneza. Mwandishi mmoja wa Uingereza alipiga hesabu akaona ili pampu moja ifikie watu 2,500 iliyoahidiwa, watoto wangepaswa kucheza saa 27 kwa siku. Nia njema ilikuwepo tele. Ila waliovutiwa na wazo hilo ndio waliokuwa wakililipia, na waliochota maji hawakuwa na mahali pa kulikataa.

Msanifu majengo Francis Kéré alianza upande wa pili. Shule ya msingi ya Gando, Burkina Faso, kijijini kwake, ilikamilika mwaka 2001 kwa matofali ya udongo ulioimarishwa kwa saruji kidogo. Paa la bati limeinuliwa juu ya dari ili hewa ya moto ipite katikati, kwa hiyo darasa halihitaji kiyoyozi. Wanakijiji ndio waliojenga, na kabla ya hapo ilibidi washawishiwe, kwa sababu waliujua udongo kuwa ni kitu kinachobomoka mvua ikinyesha. Ushawishi huo ulikuwa sehemu ya kazi ya usanifu. Waliojenga walibaki na ujuzi wa kukarabati na wa kuajiriwa kwingine. Mwaka 2022 Kéré alipewa Pritzker, tuzo kubwa ya usanifu majengo.

Sasa serikali zinaanza kuuliza maswali ambayo zamani waliyauliza wanaharakati. Uholanzi mwaka 2022, na Uingereza mwaka 2024, wasimamizi wa soko walizifanya chapa za nguo ziahidi kuacha maneno ya kijumla kama "rafiki wa mazingira" pasipo maelezo. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2024 inaleta pasipoti ya kidijitali ya bidhaa: utaskani nguo, uone malighafi yake, inadumu vipi, inaweza kutengenezwa au kurejelezwa kwa kiasi gani. Kwa mbunifu anayechagua kati ya gundi na uzi, au kati ya pamba tupu na mchanganyiko, hilo litauma mahali panapofaa, mezani pa kuchorea.

Lakini sheria hiyo ni ya mazingira. Haki za wafanyakazi ziliwekwa kwenye sheria nyingine iliyopitishwa mwaka huohuo, ile inayozitaka kampuni kubwa zichunguze mnyororo wao wa ugavi, na mwaka 2025 utekelezaji wake ulisogezwa mbele huku mjadala wa kuipunguza makali ukianza. Kwa hiyo pasipoti itakuambia asilimia ya pamba iliyomo kwenye shati. Bei ambayo mnunuzi alimlipa mwenye kiwanda kwa shati hilo, na siku alizomfanya asubiri, vitabaki kwenye mkataba ambao wewe na fundi aliyelishona hamtauona.